Maji ya Hita na Pombe ya Nyumbani: Ninavyofanya Mimi Fundi Bomba

Kazi yangu ni bomba. Miaka kumi na tisa sasa nafunga hita za maji na sola kwenye mapaa ya Kampala, na jioni nikirudi Kireka napika pombe yangu. Siuzi. Nakunywa na majirani, wengi wao askari wastaafu kama alivyokuwa baba, ndiyo maana uani kwangu hakuna Kiganda wala Kiteso. Ni Kiswahili cha kambini tangu chupa ya kwanza hadi ya mwisho.

Wakinikuta nimeinama napuliza sigiri huuliza swali lile lile: "Fundi, juu ya paa una lita mia mbili za maji moto, unazitunzia nani?" Swali zuri. Mimi mwenyewe nililijibu zamani kwa kuharibu lita ishirini za bia.

Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba yenye hita ya umeme ya lita 80, imening'inia bafuni tangu kabla sijahamia. Nikaona nina akili: nikafungua bomba jekundu, nikajaza sufuria, nikapikia bia yangu ya kwanza ya shayiri. Wiki tatu baadaye nikamfungulia shemeji yangu chupa. Akanywa funda moja, akaitazama chupa, akaniuliza kama nimetumbukiza sarafu. Ilikuwa na ladha ya chuma, ile unayoisikia ukijikata kidole ukakinyonya. Jumapili nikalifungua tangi, jambo ambalo kwa mteja ningelifanya siku ya kwanza. Mganga hajigangi. Chini nilikuta matope ya kutu yanayojaza nusu beseni, na ile fimbo ya ndani imebaki waya mtupu.

Fimbo ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Matangi mengi tunayofunga hapa ni ya chuma kilichopakwa enameli ndani, kama zile sahani nyeupe za bibi zenye ukingo wa buluu. Enameli haikosi vitundu na nyufa. Kiwanda kinalijua hilo, kwa hiyo kinaweka ndani ya tangi fimbo ya magnesi, pengine ya aluminiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa. Maji yanaila fimbo, yanaacha chuma. Fimbo ikiisha, maji yanageukia tangi. Inatakiwa uitazame kila mwaka au miaka miwili. Katika nyumba kumi ninazoitwa, labda moja wamewahi kusikia kwamba fimbo hiyo ipo. Ukisikia maji moto yananuka yai viza na ya baridi hayanuki, hapo wapo bakteria wanaoshirikiana na ile magnesi kutoa harufu hiyo. Maji ya namna hiyo usiyapeleke karibu na kimea, ile nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ya kupikia bia.

Halafu kuna mabomba. Maji moto huyeyusha metali kuliko ya baridi. Yakipita kwenye bomba la chuma la zamani yanabeba kutu na zinki; yakipita kwenye koki za shaba nyeupe za bei rahisi, au maungio ya shaba yaliyochomelewa kwa risasi, ile metali yenye sumu, yanaweza kubeba risasi hiyo. Kutu utaionja. Risasi huionji, na hapa ndipo watu wanapojidanganya: "Si nitachemsha?" Kuchemsha kunaua vijidudu na kunafukuza klorini. Risasi haiendi popote. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi ukali.

Kwa hiyo kabla hujapikia maji ya hita, ijue nyumba yako. Nyumba mpya yenye mabomba ya plastiki ya PPR, yale yanayounganishwa kwa pasi ya moto, na tangi la chuma kisichoshika kutu au la enameli ambalo fimbo yake ni nzima: endelea kusoma. Nyumba ya zamani yenye mabomba ya chuma, au usiyojua ndani ya ukuta kuna nini: maji yake oshea vyombo, na joto lake utalitumia kwa njia nitakayoieleza mbele.

Kipimo changu hakigharimu kitu. Acha bomba la moto litiririke mpaka yale yaliyolala kwenye bomba yaishe, kinga kikombe cheupe. Kinga kingine cha maji ya baridi. Chemsha yote mawili katika birika safi, moja baada ya jingine, tia majani ya chai kiasi kile kile, usitie maziwa wala sukari. Chai ya maji yenye chuma hugeuka nyeusi ya wino, na ukiiacha ipoe inafanya utando juu. Ya maji mazuri hubaki nyekundu unayoweza kuona chini ya kikombe. Zikilingana, basi kuhusu kutu uko salama. Kuhusu risasi kipimo hiki hakisemi neno. Hapo ni kujua mabomba yako tu.

Kabla ya kutumia tangi kwa mara ya kwanza, lisafishe. Zima umeme kwenye swichi kuu, usiamini ile ndogo ya bafuni. Acha lipoe usiku mzima. Funga maji yanayoingia, fungua bomba la moto mahali popote nyumbani ili hewa ipite, kisha fungua vali ya chini umwagie nje kwa mpira. Rudisha maji kidogo kidogo mara mbili tatu mpaka yanayotoka yawe meupe. Na tafadhali, ile vali ya usalama inayodondosha matone usiizibe. Nimekuta mtu ameipigilia kijiti cha mti kwa sababu inalowesha ukuta wake. Tangi lililozibwa likichemka bila pa kupumulia ni bomu, na bia haitakuwa shida yako tena.

Sasa joto. Hita inatakiwa ikae kwenye nyuzi 60. Chini ya hapo, hasa kati ya 25 na 45, wapo bakteria wanaoitwa lejionela wanaopenda kuzaliana kwenye matangi vuguvugu, nao huingia mapafuni kwa mvuke wa shawa. Lakini usiipandishe kufikia 75 ili upate maji ya bia moja kwa moja. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Ya 70 ni sekunde moja, na mtoto ni upesi zaidi. Nyumba yangu ina watoto watatu na bafu moja. Tangi linabaki 60, zinazobaki nazitafuta mwenyewe.

Na ni chache. Hebu tupige hesabu ya bia ninayopika mara nyingi, kilo 5 za kimea zinazonipa kama lita 20. Kimea kinaloweshwa kwa lita 3 kila kilo, yaani lita 15, na tunataka mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 66. Kimea chenyewe kiko kwenye joto la chumba, tuseme 25, kwa hiyo kitayapoza maji. Ukimimina maji ya 66 utaishia 60 na kitu. Maji yanatakiwa yawe kama 72 wakati wa kumimina. Maji ya bomba hapa Kampala hutoka na nyuzi 22 au 23. Kutoka 22 hadi 72 ni ngazi hamsini. Tangi limeshakupandisha thelathini na nane. Umebakiza kumi na mbili.

Kwa koili ya umeme ya kilowati 2, lita 15 kutoka baridi huchukua kama dakika 26 kufika 72. Kutoka 60 ni dakika sita. Hapo ndipo utamu ulipo, lakini usichanganye muda na pesa. Kama hita yako ni ya umeme, hujaokoa hata shilingi. Yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zimeliwa na tangi badala ya koili, tena tangi hupoteza joto usiku kucha ninyi mmelala. Faida ya kweli iko kwenye sola. Ukichota lita 30 za nyuzi 60 kutoka kwenye sola, 15 za kuloweshea kimea na 15 za kukisuuza, jua limekulipia yuniti moja na robo hivi, na kwa bei ya zaidi ya shilingi 700 kwa yuniti, unaona mwenyewe. Kwa anayepikia makaa ni zaidi, maana gunia la makaa siku hizi linaongea lugha nyingine.

Sola ina saa zake. Asubuhi, baada ya watoto kuoga, tangi langu ni vuguvugu, halifai hata kusuuzia. Kati ya saa tisa na saa kumi alasiri ndipo linapokuwa na nguvu. Miezi ya mvua, Aprili au Novemba, siku nyingine haifiki hata 45, nami sipiki. Nakunywa niliyopika Februari. Jambo jingine ni mama watoto. Yeye lazima ajue mapema. Lita 30 zikitoka kwenye tangi, maji baridi yanaingia chini kuziba nafasi, na atakayeoga wa mwisho atakuita majina.

Siku ya kupika basi inakwenda hivi. Jana yake usiku nimejaza jerikeni mbili za maji baridi ya bomba na kuziacha wazi, nimefunika kitambaa tu, ili klorini iondoke. Hizi ni za akiba na za kuongezea. Maji yetu ya Kampala yanatoka Ziwa Viktoria, yanasafishwa Ggaba na Katosi, na ni maji laini, hayaachi chokaa kwenye birika. Kwa bia nyeupe ni baraka. Ila klorini ikikutana na kimea na hamira hutoa ladha ya zahanati, ile ya plasta na dawa ya kidonda, na ladha hiyo haitoki tena. Maji ya hita nayo yana klorini yake kwa sababu yamefungiwa ndani ya tangi, haina pa kutokea. Ndiyo maana hata maji ya hita siyamimini kwenye kimea moja kwa moja. Nayaweka sufuriani bila mfuniko, nayapandisha mpaka yachemke dakika kumi na tano, halafu nayaacha yashuke hadi 72.

Utasema: sasa hita imesaidia nini ikiwa unachemsha kabisa? Imesaidia nusu ya safari. Na hapa Kampala safari ni fupi kidogo kuliko vitabu vinavyosema, maana tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Kabale yanachemka kama 94. Tumia jambo hilo kukagua kipimajoto chako: kitumbukize kwenye maji yanayotokota, kikisema 100 ukiwa Kampala, kinakudanganya kwa nyuzi nne, na nyuzi nne kwenye kimea ni tofauti ya bia kavu na uji.

Anayeharakisha na aliye na sola yenye moto wa kutosha anaweza kuacha kuchemsha akatumia ule unga wa kuhifadhia divai, metabisulfiti, chembe kidogo tu kwenye ncha ya kisu kwa lita zote 30. Unaua klorini papo hapo. Bia yenyewe itachemka saa nzima baadaye, kwa hiyo vijidudu si hofu. Mimi sina subira ya kuutafuta mjini, nachemsha.

Kabla maji hayajawa tayari, pasha chombo joto. Hili ndilo tumizi bora kuliko yote la maji ya hita na hakuna anayelitaja. Chombo changu cha kuloweshea ni kibaridi cha plastiki cha sherehe, kile cha kuwekea soda na barafu. Kikiwa baridi kinakunywa nyuzi mbili tatu. Najaza lita kumi za maji ya hita, nafunga, nakiacha dakika ishirini. Nikiyamwaga, nayamwaga kwenye beseni la vyombo. Halafu ndani kimea, kilichopasuliwa kwa kinu, kisiwe unga. Maji polepole huku unakoroga kwa mwiko mrefu kama anayesonga posho ya shule, mpaka vidonge viishe. Pima. Ikiwa 66 funga, nenda kafanye kazi nyingine saa nzima. Ikiwa 63, ongeza maji yanayochemka kikombe kikombe. Ikiwa 69, ya baridi. Usikimbilie bomba la hita kurekebisha, maana maji ya 60 hayawezi kupandisha kitu chenye 63. Nimeona mtu mzima, mhasibu, akijaribu.

Neno kuhusu mtama, kwa sababu wengi wetu shayiri ni ya kuhangaikia. Inalimwa huko Kapchorwa kwenye miteremko ya Elgoni, lakini viwanda vinaimeza. Mtama upo kila soko, na ukitaka ushahidi kwamba unatoa bia, bia ya Eagle imekuwa ikitengenezwa hapa tangu 2002 kwa mtama mweupe wa Epuripur, mbegu iliyotoka Serere, kwetu Teso. Tatizo ni kwamba wanga wa mtama haulainiki kwenye nyuzi 66. Unataka kupita 70, karibu na 75. Ukiutia pamoja na shayiri kwenye joto la shayiri, utakaa pale kama mchanga. Uchemshe kwanza peke yake, upikwe kama uji nusu saa, uache upoe hadi 70 na kidogo, ndipo uuchanganye na kimea cha shayiri au cha wimbi chenye nguvu ya kuugeuza sukari. Kwa uji huo sitii maji ya hita kabisa. Unachemka toka mwanzo, na huo ni moto wa sigiri au gesi.

Baada ya saa nzima unachuja maji matamu, unasuuza machicha kwa zile lita 15 nyingine zilizo kwenye nyuzi 76. Usizidishe 78, maganda yataanza kutoa uchungu wa chai iliyolala. Machicha yanakunywa kama lita 5, unabaki na 25 za kuchemsha, saa moja kwenye moto mkali na hopsi zake, yale maua yanayoipa bia uchungu, unashuka hadi 20 na zaidi kidogo. Hopsi mimi huletewa na dereva wa basi kutoka Nairobi. Kupika kwenyewe watu wengi wanakujua, sitakaa hapo.

Niliahidi njia ya wenye nyumba za mabomba ya zamani. Ni kuchukua joto na kuyaacha maji. Jaza sufuria ya chuma maji yako safi ya baridi, lita 15, ifunike, iweke ndani ya beseni kubwa la kufulia. Jaza beseni maji ya hita lita 30, mpaka yafike karibu na shingo ya sufuria. Koroga ndani na nje kila dakika chache. Baada ya nusu saa maji ya sufuriani kwangu hufika nyuzi 45. Mwaga ya nje, jaza mapya, yanafika 53. Mara ya tatu haifai, joto linaloongezeka ni dogo kuliko linalopotea hewani. Umetumia lita 60 za maji ya hita, kwa hiyo ni kazi ya mwenye sola na nguo za kufua, maana lile la beseni ni maji moto ya kufulia mashuka na huwezi kulimwaga mama watoto akikutazama. Kwa hita ya umeme ni ujinga mtupu. Weka birika.

Sasa malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija, na hapa nabadilisha sauti.

Mama alikuwa wa Soroti, na katika kota za polisi Jinja nilikokulia mimi, ajon yake, ndivyo malwa inavyoitwa kwa Kiteso, ilijulikana hadi mstari wa tatu wa nyumba. Unga wa wimbi ulikandwa kwa maji, ukafunikwa wiki nzima uchachuke, ukakaangwa juu ya bati mpaka uwe kahawia na harufu ya mkate ulioungua kidogo, ukaanikwa juani. Mkavu huo unakaa miezi. Siku ukitaka pombe unauloweka kwa maji, unatia kimea cha wimbi kilichosagwa, unauacha siku tatu au nne. Kisha chungu kinawekwa katikati, mirija inaingizwa, na anakuja mtu na birika.

Ni hilo birika ninalolizungumzia. Katika bia, maji ya hita yatachemka saa nzima baadaye. Katika malwa, maji moto ni kinywaji chenyewe. Yanamiminwa juu ya machachu, yanapita, mnayavuta kwa mirija, yanaongezwa tena, na tena, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi mzee wa kikundi aseme imetosha. Kilichomo kwenye maji hayo kimo tumboni mwenu dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo hapa sina majadiliano: birika linajazwa maji ya baridi yaliyo safi, linachemka mpaka litokote sana, linakwenda mezani. Mwaka juzi tulikuwa na wageni, wakwe, kikundi kizima uani, na kijana wangu mkubwa, kwa kutaka kutusaidia, akawa analijaza birika kwenye bomba la bafuni kwa sababu "linachemka haraka, baba." Hakuna aliyeugua. Lakini mzee mmoja, sajini wa zamani mwenye ulimi wa paka, alivuta mrija, akanyamaza, akaniambia kwa heshima zote mbele ya wakwe: "Afande fundi, leo tunakunywa bomba."

Maji ya hita kwenye malwa yana kazi mbili tu. Moja ni kuosha chungu na mirija kabla, chungu kwanza kwa maji vuguvugu halafu ya moto, kwa sababu chungu cha udongo kilichokaa baridi ukikipiga maji yanayotokota kinapasuka kwa sauti utakayoikumbuka. Ya pili ni kukipasha chungu hicho hicho dakika chache kabla ya kuweka machachu, ili birika la kwanza lisipoe bure. Maji hayo unayamwaga kabisa. Na mirija, baada ya kuioshea maji ya hita, ipitishie maji yanayochemka. Ndani ya mrija ndiko uchafu unakolala.

Kuosha vyombo vya bia ni vilevile. Maji ya nyuzi 60 na magadi ya kufulia yanatoa mafuta na utando vizuri, lakini kuosha si kuua. Chuma kipate maji ya 80 dakika kumi. Jerikeni ya njano usiimiminie maji yanayochemka, itajikunja kama kofia iliyonyeshewa, tena kama ilikuwa ya mafuta ya kupikia hakuna maji moto yatakayoitoa harufu hiyo. Chupa za kioo zipashe kwanza.

Mwisho ni kupoza, na hapo tangi linarudishiwa deni. Bia iliyochemka lazima ishuke upesi hadi joto la hamira. Nina koili ya bomba la shaba, mita nane hivi, mabaki ya kazi moja ya Muyenga, niliyoikunja kwenye ndoo. Naizamisha sufuriani dakika kumi kabla ya kuzima moto ili ichemke nayo, kisha napitisha maji baridi ya bomba ndani yake. Maji yanayotoka upande wa pili mwanzoni yana nyuzi zaidi ya 60, jerikeni nzima, halafu yanashuka hadi vuguvugu. Hapa Kampala bomba likiwa na 22, bia haitashuka chini ya 26 kwa njia hiyo. Zilizobaki ni usiku na gunia lililoloweshwa, limezungushwa kwenye chombo, ndizo zitakazozimaliza kabla hujatia hamira.

Jerikeni ile ya kwanza naipeleka bafuni mwenyewe, naiweka mlangoni, nabisha hodi. Mama watoto huwa anasubiri.